Mbavu Mbili za Ilunga

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu boksi zima la filamu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka shule ya masista na cheti changu, nikaambiwa nimngojee Sista Mkuu wa Radio katika chumba kidogo chenye mlango mweusi. Radio kwetu Likasi haikuwa ile ya kusikilizia habari tu. Hospitalini ndilo jina la mahali wanapopiga picha za ndani ya mwili. Sista alichelewa. Mezani palikuwa na boksi, nami tangu utotoni siwezi kukaa karibu na kitu kilichofungwa. Nikalifungua, nikakuta karatasi nyeusi, nikaifunua nayo, nikazipapasa filamu, kisha nikarudisha kila kitu mahali pake. Sista alipoingia alitazama namna karatasi ilivyokunjwa, akachukua filamu ya juu, akaitumbukiza katika dawa. Ikatoka nyeusi tii. Mwanga ulikuwa umekwisha kuzipiga zote.

Nilidhani nitarudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Sista alifunga mlango, akazima taa, akaniacha nimesimama gizani mpaka nikaanza kuona mikono yangu kwa ile taa ndogo nyekundu ya ukutani.

"Weye utapiga picha ya bantu," aliniambia. "Kwanza, jua kukaa mu giza bila kugusa kintu."

Alikuwa Mbelgiji, lakini Kiswahili alikuwa amejifunza kwa wagonjwa wa Katanga, na alipogomba nacho hakuna aliyemshinda. Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Nampenda hadi leo.

Niwaeleze ninyi vijana namna tulivyofanya, kwa maana siku hizi picha inatokea kwenye kioo kabla mgonjwa hajavaa shati. Filamu yetu ilikaa ndani ya kaseti, sanduku bapa la chuma. Mgonjwa alisimama mbele yake au alilala juu yake, nasi tukajificha nyuma ya ukuta uliotiwa risasi, ile metali nzito isiyopitisha mionzi. Tulimwambia avute pumzi, aizuie, tukabonyeza. Kisha tulikimbia na kaseti hadi chumba cha giza: dawa ya kwanza ya kutokeza picha, maji, dawa ya pili ya kuishika isipotee, maji tena, halafu kuianika kwa vibanio kama nguo. Pembeni ya kila filamu tuliweka herufi ndogo ya risasi, kufuata maneno ya Kifaransa, D kwa upande wa kulia na G kwa wa kushoto, kwa sababu picha ikigeuzwa, daktari anaweza kupasua upande mzima na kuacha mbovu. Kifuani tulibandika kipimo cha mionzi, kijiplastiki ambacho kila mwezi kilipelekwa kuangaliwa kama tumekula mionzi mingi. Changu mimi kilirudi safi siku zote. Nilikuwa mwoga sana wa mashine ile, na woga huo umenifikisha uzeeni na meno yangu yote, isipokuwa mawili.

Niliingia kazini nikiitwa Odile. Haukupita muda amri ikatoka kwamba majina ya Kikristo yaachwe, nikawa Kabedi kwenye karatasi zote, na kila mtu akawa citoyen au citoyenne, yaani mwananchi. Sista alikwepa matatizo kwa kuniita mwanangu.

Mji wetu ulikuwa wa shaba, treni na asidi, na watu waliumia. Aliyekatwa na chuma anatisha kumwangalia, lakini jeraha lake liko wazi, kila mtu analiona. Sista alinifundisha kumwogopa yule mwingine: aliyepigwa na kitu butu, akaanguka au akabanwa, ngozi yake ikabaki nzima. Huyo anaweza kuingia kwa miguu yake, akakusalimu, akauliza habari za watoto, na huku ndani damu inavuja. Picha zetu hazikuweza kuonyesha damu yenyewe. Zilionyesha mfupa na zilionyesha hewa, basi. Yaliyobaki tuliyakisia kwa kuangalia nini kimesukumwa kutoka mahali pake. Kwa mfano, juu ya tumbo la chakula pana hewa kidogo, na kwenye picha inaonekana kama kiputo cheusi chini ya mbavu za kushoto. Jirani yake ni bandama, nyama laini iliyojaa damu. Bandama ikipasuka, damu inajikusanya pale na kukisukuma kiputo kuelekea katikati. Hapo ndipo unapojua, ukiwa umefundishwa kutazama.

"Mashine haiulizi muntu," Sista alisema kila wiki, kama vile ilikuwa sala. "Weye njo utamuuliza. Kintu gani kilimupiga, fasi gani, saa gani."

Alinifundisha na jambo lingine ambalo madaktari wengi vijana hawakulijua. Damu ikikaa chini ya kiwambo cha pumzi, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, upande wa kushoto, mgonjwa akilala chali anaumwa bega. Bega lenyewe ni zima kabisa. Akasema nikikutana na bega la namna hiyo nisikae kimya.

Nikaolewa. Mume wangu, Baba Ngoie, alikuwa kapita katika kiwanda cha shaba, yaani kiongozi wa timu ya watu kumi na wawili, na tulipewa nyumba ya Kampuni pale Shituru, mtaa wa wafanyakazi. Alikuwa mtu wa haki, mwenye sauti kubwa, na alikipenda kitu kimoja karibu sawa na watoto wake: ubao. Kila timu ilikuwa na ubao mweusi mlangoni, na kila asubuhi kapita aliandika kwa chaki ni siku ngapi zimepita bila mtu kuumia. Zikifika mia moja, kila familia ya timu ilipewa blanketi na kitenge. Mtu mmoja akiumia kazini, kapita anafuta ubao na kuanza na moja.

Mwenye kubuni ubao ule alikuwa na nia njema, sina shaka. Lakini watu wetu waliuchukua kwa namna yao. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyewanyima wake za wenzake kitenge. Niliwaona wanaume wakija Jumatatu na kidole kilichopondwa wakisema mlango wa nyumbani, ngazi ya kanisani, mbuzi wa jirani. Siku zile mbuzi wa Shituru waliumiza watu kuliko mitambo. Tulicheka, tukawafunga bandeji, tukaandika mbuzi.

Asubuhi moja, Sista akiwa amekwisha kurudi kwao na mimi nikiwa fundi mkuu wa chumba, aliletwa Ilunga. Alikuwa kijana wa timu ya mume wangu, mwembamba, mwimbaji wa kwaya. Mume wangu mwenyewe alikuwa amemshika mkono. Karatasi ya daktari kijana wa zamu ilisema: homa, maumivu ya tumbo, piga picha ya tumbo akiwa amesimama. Nikamuuliza Ilunga kilichompata. Kabla hajafungua mdomo, mume wangu akajibu kwamba ni malaria, imemshika tangu jana.

Nikapiga picha. Ilunga alikuwa na jasho baridi na midomo mikavu. Nilipoipeleka filamu ikiwa bado inadondosha maji, daktari kijana aliiangalia mbele ya taa. Hakukuwa na hewa iliyotoroka chini ya kiwambo cha pumzi, maana yake utumbo haukutoboka. Kivuli cha bandama kilikuwa kikubwa. Akasema bandama ya malaria, ambalo si kosa la kijinga, kwani nusu ya mji ilikuwa na bandama kubwa ya malaria. Akaandika kwinini na kitanda. Mimi nilikuwa nimekiona kiputo. Hakikuwa mahali pake. Na juu yake, mbavu mbili za chini zilikuwa na mstari ambao sikuupenda, ila picha ya tumbo haionyeshi mbavu vizuri. Nikajaribu kusema.

"Citoyenne, weye piga picha," akanikatiza, bila ubaya. "Kusoma njo kazi yetu."

Alikuwa na haki. Fundi hasomi, ndiyo sheria, na nimeifundisha kwa wengine. Basi nikafanya jambo lililoniuma kuliko kutukanwa: nikamwambia filamu imetikisika, kosa langu, naomba niirudie. Mimi, ambaye tangu lile boksi la siku ya kwanza sikuwahi kurudia picha kwa uzembe. Akakubali, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nikamlaza Ilunga chali mezani ili nimgeuze kidogo kwa picha ya mbavu. Mara tu mgongo ulipogusa meza, akashika bega la kushoto na kukunja uso. Nikalibonyeza bega, nikalizungusha. Zima. Nikamuuliza tena kimempiga nini, na macho yake yakamwendea mume wangu, aliyesimama mlangoni na kofia yake ya kazi kwapani. Nikaelewa kwamba huyu hatasema neno mbele ya kapita wake.

Wanaume wa Shituru hawakuogopa asidi wala kreni, lakini waliogopa jambo moja kuhusu chumba changu. Nikavaa ile aproni nzito ya risasi, polepole, nikafunga mikanda yote. Nikamwambia mume wangu kwamba safari hii nitatumia nguvu nyingi ya mashine, na mwanamume asiye na aproni akibaki humu, asije kuniuliza kwa nini hapati mtoto wa tano. Aproni ilikuwa moja. Alitoka kwa haraka ambayo sijaiona kwake tena, hata siku nyumba ya jirani ilipoungua.

Nikafunga mlango. Ilunga akaniambia, kwa pumzi fupi fupi. Jana alasiri fungu la mabamba ya shaba, yakiwa yananing'inia kwenye mnyororo wa kreni, yaliyumba yakambana ubavuni kwenye nguzo. Kitambo tu. Akainuka, wakamshangilia, akamaliza zamu. Usiku hakulala. Kapita alimpitia asubuhi, na njiani walikubaliana iwe malaria.

"Mama, bado siku ine tu," akasema. "Bamama kumi na mbili banangojea ile bilanketi. Nikisema, bantu bataniangalia namna gani?"

"Njo bilanketi batakuzika nayo?" nikamwambia. "Ilunga, damu inamwangika mu tumbo yako. Niruhusu niseme."

Nilisikia viatu vya mume wangu huko nje, akitembea huku na huku barazani. Nilijua ninachokwenda kufanya kitaingia nyumbani kwangu na kukaa mezani. Nilijua pia kwamba mume wangu si mwuaji. Aliamini kwa dhati kuwa kijana amechubuka tu, kwa kuwa alimwona akiinuka kwa miguu yake. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kilichofichwa hapa kilikuwa cha watu kumi na watatu, na mwenye kufa alikuwa mmoja. Ilunga akatikisa kichwa mara moja, ndiyo.

Picha ya pili ilitoka safi. Mbavu mbili, ya tisa na ya kumi, zilikuwa zimevunjika. Nilizichukua filamu zote mbili, nikapita mbele ya mume wangu bila kumtazama, nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Mpasuaji. Huyu alikuwa mtu wa nchi yetu, mrefu, mkali, ambaye manesi walijificha waliposikia kikohozi chake. Nikamwambia kiputo, nikamwambia mbavu, bega, na mabamba ya shaba jana alasiri.

"Toka lini fundi anasoma picha?" akauliza.

"Sisomi, Docteur. Nilimuuliza muntu."

Alinitazama. Kisha akainuka. Alimchoma Ilunga sindano ndefu tumboni na kuvuta, na bomba la sindano likajaa damu nyeusi isiyoganda. Haikupita nusu saa Ilunga alikuwa katika chumba cha upasuaji. Bandama ilikuwa imepasuka vipande viwili, ikatolewa. Wenzake wanne wa timu walitoa damu, na wa kwanza kukunja mkono wa shati alikuwa mume wangu. Nimelisema hilo kwa sababu baadaye watu walilisahau.

Ilunga akapona. Karatasi ya ajali ikaandikwa kama inavyotakiwa, na kesho yake mume wangu alifuta tisini na sita na kuandika moja. Vitenge havikuja. Pale bombani, wanawake waliponiona na ndoo yangu, maneno yalikwisha ghafla. Nyumbani mume wangu alikula bukari yangu, ugali wetu wa Katanga, alilipa ada za watoto, aliwaombea usiku, lakini hakuniita Mama Ngoie. Aliniita citoyenne. "Citoyenne, chumvi." "Citoyenne, maji ya kuoga." Hivyo kwa wiki tatu, ndani ya nyumba, mbele ya watoto. Mwanzoni nililia. Baadaye, Mungu anisamehe, nilianza kumjibu "Ndiyo, citoyen Kapita," na binti yetu mkubwa akawa anakimbilia nje kucheka. Jina langu lilirudi kidogo kidogo. Lakini juu ya Ilunga hatukuzungumza. Alilizunguka neno lile miaka na miaka, nami sikumlazimisha.

Daktari Mpasuaji aliagiza kwamba tangu hapo, mtu yeyote wa kiwandani akiletwa na maumivu ya tumbo, fundi wa radio amuulize peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Daktari kijana alikuja mwenyewe kuniomba nimwonyeshe kiputo. Baadaye akawa daktari mzuri sana, na kila alipoona bega alinitumia salamu.

Walinihamisha Koni kwa mwaka mmoja, kwenye zahanati ya wafanyakazi wa bwawa la umeme. Nilikuwa na mashine ndogo ya magurudumu, na ninyi mafundi mtanielewa nikisema nilikuwa na furaha: mjini umeme ulipopungua nguvu picha zilitoka hafifu, lakini pale tulikaa mlangoni pa umeme wenyewe. Sijapata kupiga vifua vizuri kama vile. Kulikuwa na samaki wa mto Lufira kila jioni, na nilinenepa. Kisha nikarudi hospitalini, nikafundisha vijana tisa, na karibu na mwisho wangu ikaletwa mashine ya mwangwi wa sauti, ile inayopitishwa tumboni na mafuta baridi. Siku ya kwanza nilipoiona damu kama utepe mweusi kando ya bandama, kwa dakika mbili, bila kukisia, nilikaa chini. Nilifurahi, na niliona wivu kidogo.

Sasa nimestaafu. Nina kuku, nina wajukuu, nina kiti barazani, na magoti yanayonikumbusha aproni ya risasi kila mvua inapokaribia. Ilunga ni babu mwenye kitambi, bado anaimba besi. Vijana wa hospitali hunitembelea, na huniuliza ni picha gani bora niliyopata kupiga. Wanangojea niseme zile mbavu mbili. Hapana. Picha yangu bora haina kitu ndani yake.

Ilikuwa miaka minane baada ya Ilunga, mume wangu akibakiza miaka michache ya kazi. Nilikuwa nikipanga kaseti, saa nne asubuhi, foleni ya wagonjwa imejaa barazani. Nikasikia ile sauti kubwa. Aliingia katikati ya vijana wawili wa timu yake, uso umekuwa wa majivu, mkono umebana ubavu wa kushoto. Nje watu walisogea mlangoni, kwa maana kila mtu wa Shituru alijua namba iliyokuwa kwenye ubao wake: tisini na nane. Kijana mmoja akaanza kuniambia kwamba kapita ameteleza bafuni, nyumbani. Mume wangu akamsukuma pembeni.

"Mama Ngoie," akasema, na alisema ili foleni yote isikie. "Miye nilianguka ku kazi. Ku ngazi ya chuma, leo, saa tatu. Chuma kilinipiga hapa. Andika byote."

Herufi ya risasi niliiweka mara mbili. Nilimsimamisha, nikamwambia avute pumzi, aizuie. Katika chumba cha giza nilisubiri dawa ifanye kazi yake, nikiomba. Mbavu zikatokea moja baada ya nyingine, zote nzima. Kiputo kilikuwa mahali pake. Nikatoka, nikachukua karatasi yake, na mahali pa kuandika ajali ilipotokea, nikaandika: kazini.